Injini Iliyonunuliwa kwa Kuku

Nilishuka Shelui mchana, binti yangu usingizini begani, sufuria mpya kwenye begi. Hasira sikuja nayo. Niliikuta nyumbani.

Sufuria ilikuwa zawadi ya kumpelekea mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, ambaye ndiye anayekaa siku hizi kwenye nyumba ya marehemu bibi. Lakini sikufunga safari kwa ajili ya sufuria. Nilikwenda kuchukua injini. Binti yangu alikuwa amenunuliwa ndege ya plastiki pale mjini Singida, mali ya nje, ina taa na inaimba. Haikumaliza siku. Bawa lilitoka, wimbo ukabaki unaimba peke yake chini ya kitanda mpaka betri ikaisha. Mtoto akalia, mimi nikachemka, nikamwambia: nyamaza, nitakuonyesha injini ya ndege ya kweli. Iko kwa bibi yangu, juu ya kabati, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Nimeiona ikiruka kwa macho yangu haya.

Nikafika, nikaamkia, nikapewa maji. Nikanyoosha mkono juu ya kabati. Vumbi tupu, na katikati ya vumbi alama safi ya mahali kitu kilipokuwa kimekaa miaka.

"Mama mdogo, injini iko wapi?"

"Injini ipi?"

"Injini ya ndege. Ya bibi."

"Aa, ile." Alikuwa anachambua majani ya mlenda, hakuinua hata uso. "Mwenye skrepa kapita asubuhi. Nimempa pamoja na yale majembe mabovu."

Sasa wewe mwenzangu unayesoma, usiniambie nitulie. Watu hupenda sana kumwambia mwanamke mwenye mtoto atulie. Kaa hapo nikueleze ile injini ilikuwa nini, halafu utaniambia kama nilikasirika bure.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, hapo hapo Shelui, kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega. Usingizi wetu ulikuwa wa breki za malori: fyuuu, upepo unatoka, halafu milango inabamizwa, halafu madereva wanaulizana kama chai ipo. Mchana upepo ukivuma ulileta harufu ya mashine ya kukamua alizeti, harufu nzito ya mashudu ya moto ambayo mpaka leo nikiinusa popote nasikia njaa. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na ng'ombe wa jirani akiwa mkarimu, maziwa mgando. Kazi zangu zilikuwa kufagia uwanja kabla jua halijawa kali, kutafuta mayai kwenye vichaka kabla ya nyoka, na jioni kuhakikisha kuku wote wameingia bandani.

Kuku ndio waliokuwa shamba letu la pili. Unajua mwenyewe sifa ya kuku wa Singida. Malori yalisimama kwa ajili yao, na bibi alikuwa na mikono ambayo madereva waliiogopa. Alimkamata kuku, akampitishia kiganja chini ya kifua, akafumba macho, akampandisha na kumshusha kidogo kidogo, kama mtu anayepima neno kabla ya kulitamka. Kisha anamminya paja. Kuku akipiga teke la nguvu, bibi anafumbua macho. "Mzima huyu," anasema. "Kitu kizima hukurudishia mkono." Kuku asiyepiga teke hakumuuza, hata dereva akimlilia.

Na siyo kuku tu. Kwetu kila kitu kilipimwa kwa uzito. Jembe dukani unalinyanyua kwanza, halafu unaligonga kwa jiwe. Sufuria unaipima kwa mkono mmoja. Blanketi likiwa jepesi ni la Mchina, likilemea ni mali. Kitu kikikulemea, wewe lipa. Kikiwa chepesi, mwenye duka anataka kukuibia. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yetu, na nakuambia, haikuwa elimu mbaya. Ilituokoa na takataka nyingi.

Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki pale malori yaliposimama. Alikuwa na ugonjwa mmoja: ndege. Ile ya kwenda Mwanza ikipita juu angani, alisimamisha spana hewani mpaka mlio uishe. Mteja atukane, asitukane, yeye hakusikia. Sisi watoto tulitengeneza ndege za mabua ya mtama na kuzishikisha kwa miiba. Yeye, mwanaume mzima, alichuchumaa nasi akaturekebishia mabawa. Watu walimcheka. Bibi hakucheka. Kaka wawili wa baba mdogo walikuwa wamekwenda machimboni kutafuta dhahabu. Mmoja wao ni baba yangu, ambaye sura yake naijua kwa picha ya kitambulisho tu. Hakuna aliyerudi. Na mwaka ule baba mdogo naye alianza kuongea habari za machimbo. Alikuwa ameshafua nguo, begi liko ukutani. Bibi alilitazama lile begi kila akipita, kama mtu anavyotazama nyoka darini.

Kilichokuwa kinamshikilia baba mdogo ni ndege yake. Si ya mabua, ndege ya haja: mbavu za mianzi, tumbo la moyo wa bua la alizeti, ule mweupe ulio laini kama mkate, mabawa ya kitambaa cha miavuli ya mitumba yaliyoshonwa kwa cherehani ya jirani. Bawa moja lilikuwa refu kunizidi. Ilikuwa tayari kila kitu, haina moyo. Baba mdogo alisema: "Mama, nikikosa injini, naichoma moto halafu naondoka." Alisema kama utani. Bibi hakuwa mtu wa kuchukulia utani wa namna hiyo.

Injini zilikuwepo mjini Singida, kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi. Ukoo wake ulikaa Singida miaka mingi kiasi kwamba alitania kwa Kinyaturu vizuri kuliko watoto wetu. Alikuwa ameagiza mashine za kupulizia dawa mashambani, na ndani ya kreti zikaja mbili asizoziagiza: injini ndogo za petroli za ndege za kuchezea, picha ya ndege iko kwenye boksi. Akaziweka kabatini nyuma ya kioo. Baba mdogo alipokwenda kununua plagi aliziona, akarudi nyumbani hawezi kula.

Yule mzee alikuwa na harusi ya binti yake inakuja, akitaka kuku wa kienyeji walio hai ili wachinjwe kwake. Bibi aliposikia hilo alisema maneno mawili: "Lete tenga."

Basi tukaenda, bibi, baba mdogo na mimi, na tenga limejaa kuku linapiga kelele juu ya lori. Asubuhi ile bibi aliwachagua mwenyewe, wazito tupu. Kulikuwa na tetea mmoja mwembamba, mrefu wa miguu, anayelala juu ya bati badala ya bandani. Bibi alimnyanyua, akamtupa chini. "Huyu kapu tupu. Nitaaibika nikimpeleka kwa watu."

Dukani mzee akaziweka injini zote mbili juu ya meza. Moja ilikuwa kubwa kidogo, inang'aa, imejaa chuma. Nyingine ilikuwa na rangi ya majivu, ndogo, imekaa kinyonge. Baba mdogo aliishika ile ndogo, akaiacha, akairudia. Lakini nani atabishana na mwenye kuku? Bibi alifumba macho. Akapandisha moja, akashusha. Akapandisha nyingine, akashusha. Akafumbua.

"Hii," akasema, mkono juu ya ile nzito.

"Mama unajua mali," mzee akasema, na hakuwa anamdanganya. Yeye mwenyewe angechagua hiyo hiyo. Njiani kurudi, kila aliyekuwa kwenye lori aliomba kuishika, akaipima mkononi, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mpaka tunafika Shelui injini ilikuwa imepimwa na kusifiwa na watu wote wenye akili zao.

Siku ya mnada baba mdogo aliipeleka ndege uwanjani. Hakuwa na mitambo ya kuiongozea kwa mbali, kwa hiyo aliifunga kwa waya kwenye nguzo ya kufungia punda, juu ya nguzo kaweka beringi kubwa ili waya uzunguke usijisokote. Ndege kaifunga kama mbuzi, watu wakasema. Watu wakaacha kuuza. Akawasha.

Ule mlio! Punda walikata kamba. Injini ilinguruma vizuri mno, mlio mzito, wa heshima. Na ndege ikaondoka, ikakimbia chini kwa chini kuzunguka nguzo, inatimua vumbi, inazunguka, inazunguka, magurudumu hayaachi ardhi hata kwa upana wa kidole. Kama mbwa anayefukuza mkia. Petroli ikaisha, ikasimama pale pale ilipoanzia.

Watu wa mnadani hawana huruma. "Fundi, mfungie jembe, anafaa kulima!" "Hiyo siyo ndege, ni mashine ya kusaga, leteni mtama!" "Mwacheni, itapaa ikishiba!" Baba mdogo alikunja waya polepole. Nilimbebea kopo la petroli. Nyumbani alilishusha begi ukutani, akaliweka mlangoni.

Bibi alikaa kwenye kigoda chake mbele ya banda, mikono mapajani, ile mikono iliyokosea mbele ya kijiji kizima. Mimi nilikuwa nafukuza kuku waingie. Wale wazito waliobaki waliingia kwa miguu, wanatikisika kama wake wa wakubwa. Yule tetea mwembamba, kapu tupu, akachukua hatua, akapiga mabawa, akapaa moja kwa moja mpaka juu ya bati.

Bibi alimtazama muda mrefu.

"Njoo hapa," akamwita mwanawe. "Mwangalie yule."

"Namwona, mama."

"Yule ndiye niliyemwacha."

Baba mdogo aliangalia bati, akaangalia ndege yake ukutani, akaanza kucheka peke yake, cheko la kwanza tangu mnadani. Begi akalisogeza kwa mguu, likatoka mlangoni.

Tukarudi Singida, injini nzito mapajani kwangu, imenichafua gauni la shule. Yule mzee alishtuka. "Mama, imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzito."

"Sasa si ndiyo uzuri wake?"

"Uzuri wa kusagia. Mimi nataka ya kuruka. Nipe ile ndogo."

Mzee alimwonea huruma. Nilimwona usoni, alidhani bibi amechanganyikiwa kwa uzee. Akaitoa ile ndogo akaifuta vumbi kwa aibu. Safari hii baba mdogo hakunyamaza. Aliikagua kwa kusema kila kitu kwa sauti, ili bibi asikie. Alishika chuma cha mbele kinachobeba panga, lile feni la ndege, akakitikisa juu chini. Hakikucheza, akasema beringi ni nzima. Akachungulia zile mbavu za kupozea joto kama zimenyooka zote. Akatoa plagi, akachungulia ndani kama pistoni imekwaruzwa. Akanusa kabureta, akasema hii haijawahi kuonja petroli. Akairudisha plagi, akafunga panga, akalizungusha kwa kidole taratibu. Likafika mahali likakaza, akaliachia, likaruka kurudi nyuma lenyewe.

"Lete," bibi akasema.

Akalizungusha kwa kidole chake cheusi chenye sugu za jembe. Likakaza. Likamrudisha. Akafanya tena. Likamrudisha tena, kwa nguvu, kama teke. Bibi akacheka mpaka pengo likaonekana.

"Inarudisha mkono," akasema. "Naitaka hii."

Hapo mzee wa duka alifanya jambo ambalo nikilisimulia leo watu wananiambia natunga. Alikataa kubadilishana hivi hivi. "Mama, ile nzito umenipa tenga zima. Hii ni nusu ya kitu. Siwezi kula haki yako kwenye harusi ya binti yangu." Akaita uani. Harusi ilikuwa imepita, kuku wameliwa, lakini jogoo mmoja alikuwa amewaponyoka wachinjaji akakaa juu ya ukuta siku nzima, mpaka wakamsamehe. Wakamleta. Bibi alimpokea, akampima kwa mazoea, akatabasamu. Jogoo alikuwa mwepesi.

Tulirudi Shelui na injini ndogo, na jogoo wa kurudishiwa. Safari hii nayo ilipita mikono kwa mikono, na kila aliyeishika alimtazama bibi kwa masikitiko. Bibi alikuwa amempakata jogoo wake, anatazama nje.

Siku ya mnada uliofuata watu walijaa kuliko mara ya kwanza, maana kucheka ni bure. Baba mdogo akawasha. Mlio ulikuwa mwembamba, mkali, kama nyigu mkubwa, na mtu mmoja akaanza kusema "hata sauti haina", na hakumaliza. Ndege ilikimbia robo ya duara, ikanyanyua pua, ikatoka.

Sijui nikwambieje. Ilipaa. Waya ulinyooka ukalia. Kivuli chake kilitupita usoni, kikazunguka, kikatupita tena. Mama wa maandazi alifunika beseni lake kwa khanga, halafu akasahau, akaishika khanga mkononi mdomo wazi. Harufu ya petroli na oili ilitushukia kama mvua ya manyunyu. Pembeni alikuwepo msichana mmoja wa kijiji cha Ulemo aliyekuja kuuza vitunguu. Alisimama ghafla, vitunguu vikamwagika vikabiringika mpaka chini ya punda, hakuviokota. Vichwa vya wale wenye midomo vilizunguka pamoja na ndege. Mpaka petroli ikaisha, mlio ukakatika, na katika kimya kile ndege ikashuka yenyewe, taratibu, ikagusa ardhi kama mtu anayekaa kwenye mkeka wa wageni.

Nilimtazama bibi. Hakupiga vigelegele kama wengine. Alisema kwa sauti ndogo, na nadhani alijisemea: "Sasa aende wapi tena?"

Na kweli hakwenda. Aliirusha ndege ile karibu kila mnada, mwaka hadi mwaka, mabawa yakichoka akayashona upya. Yule msichana wa vitunguu alirudi mnada uliofuata na mwingine, hana hata vitunguu vya kuuza, na akawa mama yangu mdogo. Mimi nilikwenda sekondari, nikaondoka, nikapata mtoto. Bibi akafariki. Ndege ilioza, mchwa wakala mianzi, ikabaki injini tu, ikafungwa khanga ya marehemu ikawekwa juu ya kabati. Na baba mdogo, baada ya arobaini ya mama yake, alilishusha lile begi. Alisema anakwenda machimboni kwa msimu mmoja.

Basi ndiyo hiyo injini iliyopewa mwenye skrepa. Niambie sasa nitulie.

Sikumaliza hata maji. Nilitoka na begi langu mgongoni kama nilivyoingia, binti yangu nimemshika mkono ananikimbilia nyuma. Njiani nilipita uwanja wa mnada wa zamani. Nguzo ya punda haipo. Punda wenyewe hawapo. Maji siku hizi yanabebwa na bodaboda na matoroli ya magurudumu matatu. Watoto walikuwa wamekaa ukutani wanaangalia simu ya mmoja wao. Hakuna bua la mtama lililokuwa na miiba.

Mwenye skrepa alikuwa kando ya barabara, kijana wa rika langu, mizani inaning'inia mtini, rundo la chuma huku, rundo la sufuria zilizopondwa kule. Amechuchumaa. Injini ya bibi imelala juu ya jiwe, na nyundo iko juu.

"Weka hiyo nyundo chini!"

"Dada, salamu kwanza."

"Salamu baadaye. Hiyo ni yangu."

"Yako vipi, mimi nimeipima asubuhi." Hakuwa mkorofi, alikuwa na kazi tu. "Hii alumini, ndani ina chuma. Navunja nitenganishe. Huko wanakopokea hawataki mchanganyiko."

"Unajua ni nini hiyo?"

Aliigeuza mkononi. "Ya mashine ya kukatia majani? Lakini nyepesi mno. Feki hizi, dada, zinaletwa nyingi."

Nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, mtoto wangu ameshaanza kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kistaarabu kabisa kwamba mzigo ukishaingia kwenye rundo lake hautoki bure. Nilete alumini ya uzito ule ule. Nilifungua begi. Nikatoa sufuria mpya ya mama mdogo, ina mfuniko, ina karatasi ya dukani.

Alinyanyua sufuria, akaigonga kwa kidole. "Hii nzito! Unajua kuchagua."

"Nimefundishwa."

Akaining'iniza kwenye mizani kutimiza kazi. Ilizidi kwa mbali, kipofu angeiona. Nilisimama nikimtazama machoni. Hakunirudishia kitu, na wala hakuona sababu. Nikamkumbuka mzee wa duka la spea na jogoo wake. Duka lile siku hizi ni la simu. Watoto wake walihamia mbali. Nikachukua injini yangu nikaondoka, nimepata nilichokitaka na hasira bado ninayo.

Nilirudi nyumbani nimejiandaa kugomba. Niliiweka injini mkekani mbele ya mama mdogo.

"Hiki ni kitu cha bibi," nikasema. "Unawezaje kukitoa kama jembe bovu?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Sijawahi kuona uso umechoka vile, na mimi ninalea peke yangu, nyuso zilizochoka nazijua.

"Cha bibi? Mwanangu, mimi niliolewa na ile kelele. Nilimwaga vitunguu vya baba yangu kwa ajili yake, wewe ulikuwepo. Sasa kila nikifagia naiona juu pale. Mwenyewe simu yake haipatikani tangu mvua za kwanza. Nimetoa majembe mabovu, na yeye nimemtoa. Nani kakwambia vitu vya humu ndani ni vyenu peke yenu?"

Nilikuwa nimebeba hasira yangu barabara nzima nikidhani ni kubwa, kumbe humu ndani ilikuwepo ya mtu mwingine, imekaa kimya inachambua mlenda. Nikamwambia habari za sufuria. Alinitazama, akatazama begi langu tupu, halafu akaguna kwa kicheko. "Basi tutaendelea na ile iliyoungua."

Binti yangu alikuwa amekaa chini anajaribu kuzungusha chuma cha mbele. "Mama, haizunguki. Nayo imekufa?"

Ilikuwa imeganda. Oili ya zamani imekauka ndani. Nilitaka kuilazimisha, mama mdogo akaniambia niache. Akaipasha pembeni ya jiko, siyo motoni, pembeni, akiigusagusa kama unavyogusa chupa ya mtoto. Akaleta oili ya cherehani, akatoa plagi, akadondosha kidogo, akasubiri. Mkono wake ulijua. Alifundishwa na mtu aliyeipenda ile injini, jioni nyingi, na nadhani zile jioni ndizo alizotaka zipondwe kwa nyundo. Akairudisha plagi. Akazungusha kwa kidole gumba. Kigumu, kigumu, halafu kikakubali. Kikafika mahali kikakaza.

Akaachia. Kikaruka kurudi nyuma, kikampiga kidole.

"Uwii!" binti yangu akasema. "Kimekusukuma!"

Mama mdogo akafanya tena. Ikamrudisha. Akafanya tena. Nilitaka kumwambia maneno ya bibi, ya kitu kizima na mkono, lakini aliyajua, aliishi na bibi miaka mingi kuliko mimi. Alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

"Ingekuwa na yeye anarudi hivi," akasema.

Tukala mlenda uliopikwa kwenye sufuria iliyoungua, una ladha ya moshi. Malori yaliendelea kupita barabarani; mengi hayasimami tena kwa ajili ya kuku.

Kesho yake nilipofunga begi, injini ilikuwa mkekani, na binti yangu ananitazama, maana nilimwahidi. Nikamwambia imeshaonekana, imeshasukuma, inatosha; ina mwenyewe. Alinuna mpaka stendi. Kabla hatujatoka mama mdogo alikuwa ameifunga tena ile khanga ya bibi, taratibu, akapanda juu ya kigoda, akaiweka juu ya kabati pale pale kwenye alama yake. Hakufuta vumbi la pembeni.

Nilipanda basi na begi jepesi kuliko nililokuja nalo. Mtoto alilala kabla hatujaanza kutembea, akanilemea mkono mzima, nami sikumhamisha.